Pine Tano za Aina Moja

Leo nataka tuongee habari ya pine, yaani matairi, hasa pine za magari ya zamani ya porini: Jeep Willys, Land Rover za mwanzo, Land Cruiser za wakati wa Zaire. Magari hayo bado yamo kwenye parseli zetu za nyumbani. Mengine yanafanya kazi kila wiki, yanapeleka mbolea shambani na kurudi na mahindi. Mengine yamelala chini ya mwembe, yanangoja mtoto wa marehemu apate pesa ya kuyaamsha. Na kila yanapofika garajini, swali ni lile lile: gari hili nilifunge pine gani?

Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, ina haki ya kuongea pine kuliko mitaa mingi ya Afrika. Timu ya soka ambayo uwanja wake ulifunguliwa hapa kwetu mwaka 2011 ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ikachukua jina la kampuni ya pine iliyoidhamini, na kwa jina hilo, Tout Puissant Englebert, ikabeba Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967, ikalibeba tena mwaka 1968. Jina la leo, Mazembe, lilikuja baada ya hapo. Englebert ilikuwa kampuni ya Liège, Ubelgiji, na haikuwa kampuni ndogo. Juan Manuel Fangio alipokuwa bingwa wa dunia mwaka 1956, na Mike Hawthorn mwaka 1958, Ferrari walizoendesha zilikanyaga Englebert. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakipiga kelele uwanjani miaka ile walikuwa wakishangilia timu yenye jina la pine za diagonali, kwa sababu enzi hizo karibu kila gari la Katanga, la bwana mkubwa na la mchukua mizigo, lilitembea juu ya pine za aina hiyo.

Tuanze na namna zilivyotengenezwa, maana bila kuelewa hilo utanunua kwa macho tu. Ukiipasua pine ya diagonali utakuta ndani yake matabaka ya nyuzi. Nyuzi za tabaka la kwanza zinakwenda mshazari kutoka ukingo hadi ukingo. Za tabaka la pili zinakwenda mshazari kwa upande mwingine, zinapishana na zile za kwanza kama ukindu wa mkeka. Tabaka juu ya tabaka, namna hiyo hiyo. Zamani nyuzi zilikuwa za pamba, zikaja za rayoni, kisha nailoni. Wauzaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanazijua kama tairi za nailoni, na zile za kisasa ni tairi za waya.

Za kisasa ni radiali. Michelin aliisajili mwaka 1946, akaanza kuiuza mwaka 1949. Humo nyuzi za ubavu haziendi mshazari. Zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya meno kuna mkanda, mara nyingi wa nyaya za chuma, unaoizunguka pine yote. Hapo ndipo njia zinapoachana. Katika diagonali, ubavu na uso ni kitambaa kimoja: ubavu ukijikunja, uso nao unajikunja, na matabaka yanasuguana. Msuguano ni joto. Katika radiali, ubavu unajikunja peke yake na uso unabaki umelala sawasawa barabarani. Kwa hiyo radiali inashika lami vizuri zaidi, hasa ikinyesha, inapata joto kidogo, na inadumu kuliko mwenzake. Kwenye lami hakuna mabishano. Atakayekuambia diagonali ni bora kwenye lami anakudanganya.

Lakini gari tunaloliongelea halikutengenezwa kwa ajili ya lami, na sehemu kubwa ya Katanga si lami.

Fikiria njia yenyewe. Unatoka mjini, unaiacha barabara kubwa, unaingia kwenye udongo mwekundu. Kila mwaka wachoma makaa wanasogea mbali zaidi, na nyuma yao wanaacha visiki vya miombo vilivyokatwa mshazari kwa shoka, vimejificha ndani ya majani, vimekauka, vigumu kama chuma. Kuna mawe ya kwenye milima ya Kundelungu. Kuna vichuguu vikubwa ambavyo njia inalazimika kuvizunguka, na ukivizunguka ubavu wa pine unakwaruza mizizi. Hatari ya huko haiko chini ya pine, iko ubavuni. Kwenye radiali nyingi za magari madogo ubavu una tabaka moja au mawili ya nyuzi. Kwenye diagonali ubavu una matabaka karibu yote yaliyoko chini ya meno. Kisiki kinachoipasua ya kwanza kinaweza kuiachia ya pili kovu tu.

Na hata ikipasuka, kwado, fundi wa pine wa kando ya barabara, ana la kufanya. Mmewaona wenyewe: pistoni ya zamani imebanwa juu ya kiraka, ndani yake anamimina petroli kidogo, anawasha, joto linaunganisha mpira na mpira. Ubavu wa diagonali uliochanika kidogo, akiutia kiraka kizuri kwa ndani, unaweza kukurudisha nyumbani na kuendelea na kazi ya shamba. Ubavu wa radiali uliochanika umekwisha. Nyuzi zake zinabeba mzigo kila mmoja peke yake, ukikatika hakuna wa kumsaidia jirani. Kwa mtu ambaye pine ya pili iko umbali wa siku moja, jambo hilo lina uzito kuliko maneno yote ya kwenye matangazo.

Kuna sababu nyingine, na hii vijana wengi wanaipita. Gari la zamani lilichorwa pamoja na pine zake. Land Rover iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na zile ambazo Minerva wa Ubelgiji walizitengeneza kwa leseni kwa ajili ya jeshi lao kuanzia mwaka 1952, zina springi za vyuma bapa, breki za ngoma, janti, yaani rimu, nyembamba na usukani usiosaidiwa na pampu yoyote. Pine nyembamba ya diagonali inageuka kwa urahisi mikononi mwa dereva. Ukiondoa hiyo ukafunga radiali pana iliyotoka kwenye gari jipya, usukani unakuwa mzito hadi mabega yanauma, na nguvu yote hiyo inapitia vyungio vya chuma vilivyotengenezwa kubeba kitu kingine. Baada ya miezi, unaanza kununua vipuri vya usukani na kulalamika kwamba vipuri vya siku hizi ni vibovu.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Dereva aliyezoea magari mapya akiketi kwenye jeep yenye diagonali atashtuka. Gari linatangatanga. Likikuta mfereji uliochimbwa na malori linataka kuufuata. Usukani unataka marekebisho madogo madogo wakati wote. Hiyo ni tabia ya pine, na mkono unaizoea. Ila kabla ya kuilaumu pine, mwambie fundi ainue ekseli ya mbele aangalie vyungio na beringi. Mara nyingi kutangatanga kwa gari kunatoka huko, na pine imesingiziwa.

Tabia nyingine itakushtua asubuhi. Nailoni ikilala kwenye baridi huku imebeba uzito wa gari, sehemu iliyogusa chini inakuwa bapa. Mnajua usiku wa Juni na Julai ulivyo hapa. Asubuhi ukiwasha na kuondoka utasikia gari linapiga tu-tu-tu kama beringi imekufa. Nenda polepole kilomita chache, pine ikipata joto inarudia duara lake na kelele inaisha. Gari litakalolala miezi mingi, lipandishwe juu ya magogo, pine zisiguse chini, wala zisipigwe na jua.

Tuje kwenye namba za ubavuni, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Willys ya vita na Land Rover fupi za kwanza zilikuja na 6.00-16. Land Rover ndefu ya inchi 109 inachukua 7.50-16, na Land Cruiser ndefu za zamani nazo ni hivyo hivyo. Namba ya kwanza ni upana wa pine kwa inchi, ya pili ni kipimo cha janti. Katikati yake angalia: ukiona kistari, ni diagonali, ukiona herufi R, ni radiali. Herufi TT maana yake inataka mpira wa ndani. Usimwachie muuzaji akusomee. Soma mwenyewe, kwa kidole.

Watu wengi wenye Land Rover fupi wanataka kuifunga 7.50 ili gari lionekane limesimama. Ninaielewa hamu hiyo, ila hesabu yake ni hii. Pine ya 6.00-16 ina kimo cha karibu sentimita 71, ya 7.50-16 inafika karibu 80. Gari linapanda sentimita 4 na nusu hivi, ndiyo. Lakini kila mzunguko wa gurudumu sasa ni mrefu zaidi kwa zaidi ya asilimia 10, kana kwamba umebadilisha gia zote za gari bila kubadilisha injini. Kupanda mlima kunakuwa kugumu, breki za ngoma ambazo tangu mwanzo hazikuwa na nguvu ya ajabu zinapewa kazi zaidi, na mshale wa kasi unakuonyesha 50 wakati unakimbia 56. Ukitaka kupanda kidogo, kwa gari fupi ishia kwenye 7.00-16 kama janti inaikubali. Mimi ningebaki na kipimo cha kiwandani.

Na sasa jambo ninalotaka mlikumbuke kuliko mengine: herufi PR. Zamani namba iliyoko mbele ya herufi hizo ilihesabu matabaka ya pamba. Leo inaeleza nguvu tu. Pine ya 6PR inaweza kuwa na matabaka manne ya nailoni, kwa kuwa nailoni ina nguvu kuliko pamba. Kosa linalofanyika kila siku sokoni ni kudhani kwamba namba kubwa ni pine bora. Mazungumzo yenyewe mmeshayasikia:

"Papa, beba hii ya Canter. Ina PR kumi na nne. Hii haikufi leo wala kesho."

"Mwanangu, gari yangu haibebi saruji. Ni jeep."

"Ndiyo maana, papa! Kwa jeep itakaa maisha yote."

Kijana anasema kwa moyo mzuri, na kwa upande mmoja ana haki: pine ile ni ngumu kwelikweli. Lakini ilitengenezwa kwa lori linalobeba tani kadhaa. Willys nzima haina hata kilo 1,200. Ukiiweka juu ya pine ya PR 14, uzito wake hautoshi kuukunja ubavu. Pine inabaki ngumu, inakanyaga kwa katikati tu, meno ya katikati yanaisha wakati ya pembeni bado mapya. Kila jiwe linapita moja kwa moja hadi kwenye springi, na springi zinavunjika. Kwenye njia yenye mawimbi ya udongo mkavu gari linarukaruka, na gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona. Kwenye tope ni vibaya zaidi, kwa sababu pine isiyojikunja haiwezi kulala na kushika. Kwa jeep na Land Rover fupi, PR 6 inatosha kabisa. Kwa Land Rover ndefu na Land Cruiser inayobeba mzigo kweli, PR 8, na 10 kama mzigo ni wa kila siku. Zaidi ya hapo unajinunulia ugumu usiokuhusu.

Upepo nao unafuata uzito. Gari fupi lenye 6.00-16 linataka kati ya bari 1.7 na 2, yaani kilo mbili hivi au chini kidogo kwenye saa ya kwado, nyuma ukiongeza kidogo ukiwa na mzigo. Kwado aliyezoea teksi na malori atajaza tatu kama hukusimama pale. Simama pale. Na usikimbilie kutoa upepo mwingi ili upite mchangani kama wanavyofanya wenye radiali. Ubavu wa diagonali ukilegea sana unasuguana, unachemka, na ukirudi barabarani bila kuujaza unaichoma pine kwa ndani. Nikubali hapa kwamba kwenye mchanga laini radiali inashinda, kwa kuwa ikilegezwa inajinyoosha na kuacha alama ndefu. Lakini njia zetu nyingi ni udongo na mawe. Mchanga ni wa kando ya mito.

Kuhusu meno, sitakaa sana. Meno ya mtindo wa kijeshi, yale marefu yaliyokaa sawa pande zote mbili, yanaipendeza Willys na yanavuta mbele na nyuma sawasawa, ila kwenye lami yenye maji yanateleza vibaya. Meno yenye nafasi pana yanajisafisha tope jekundu la Januari. Yenye mistari ya barabarani hayafai kwa mtu wa shamba. Basi.

Kuchanganya ni hatari, na ninaomba mnisikilize vizuri. Usiweke diagonali na radiali kwenye ekseli moja, hata kwa safari ya sokoni. Moja inashika kona kwa namna yake, nyingine kwa namna yake, na siku ya kufunga breki kwa ghafla gari litavutwa upande. Kuweka radiali mbele na diagonali nyuma ni kukaribisha kifo: mbele inashika, nyuma inaachia, gari linajigeuza lenyewe njiani. Kwa gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne kuna ubaya wa ziada. Radiali na diagonali za kipimo kile kile hazizunguki sawasawa. Ukifunga gia ya nne kwa nne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinataka kwenda umbali tofauti, na tofauti hiyo haina pa kutokea isipokuwa kwenye shafti na boksi la pili la gia. Chuma kinajisokota mpaka kitu kikatike. Ndiyo sababu ninasema pine tano: nne chini na ya tano ya akiba, za aina moja, kipimo kimoja, PR moja. Ya akiba ya aina nyingine itakuokoa kilomita 10 za polepole, kisha itakuletea gharama.

Je, kuna wakati wa kuiacha diagonali? Upo. Kama Land Rover yako sasa inakwenda Kolwezi kila wiki kwa barabara ya lami, karibu kilomita 300, na unaipeleka inavyoweza kwenda, funga radiali tano nyembamba za kipimo chake, zenye mpira wa ndani unaokubali radiali, na usiwe na wasiwasi wowote. Oktoba yetu, lami ikichemka, si mwezi wa kukimbiza diagonali yenye mzigo kwa saa tatu mfululizo. Pine hizi ni za mwendo wa magari yao. Kwa kilomita 60 au 70 kwa saa zinatulia. Anayetaka mwendo mwingine achague pine nyingine, au gari lingine.

Tatizo letu kubwa ni kuzipata. Zamani zilitengenezwa karibu nasi. Goodyear walikuwa na kiwanda Kinshasa wakati wa Zaire. General Tyre ya Arusha ilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda cha Firestone cha Nairobi, kilichokuja kuitwa Sameer na kuuza matairi ya Yana, kilizima mitambo mwaka 2016. Inaniuma kuyataja hayo, na Wakongo tuna sababu zaidi ya kuumia. Mpira wa pori wa nchi hii ulikamuliwa kwa damu wakati wa Leopold wa Pili, dunia ilipokuwa na njaa ya pine baada ya Dunlop kuleta pine ya upepo mwaka 1888. Kisha katika Vita vya Pili, Japani ilipoiteka Malaya, wanakijiji wa Kongo walirudishwa tena msituni kwa amri kutafuta mpira kwa ajili ya magari ya vita. Nchi iliyotoa mpira kwa gharama hiyo leo inangoja pine zivuke mpaka wa Kasumbalesa.

Na zinavuka. India bado inatengeneza diagonali nyingi kwa malori yake. MRF, CEAT na Apollo wanazo 7.50-16 ambazo zinafika Afrika Mashariki na kusini. Deestone wa Thailand anatengeneza zenye meno ya tope. Za 6.00-16 ni adimu zaidi. Baadhi ya wenye jeep wanaziagiza kwa watu wa magari ya kale, kama Coker wa Chattanooga, Marekani, ambao wanatoa mfano wa pine za kijeshi, lakini usafiri unaweza kuishinda bei ya pine yenyewe. Ushauri wangu kwa wenye magari haya mjini: kubalianeni, agizeni pamoja. Watu watano wakitaka pine tano tano, ni pine 25, na mfanyabiashara atawasikiliza.

Ukiletewa pine, hata kama inang'aa, tafuta mwaka wake. Baada ya herufi DOT, mwishoni, kuna namba nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, pine hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000; usiichukue hata kwa zawadi. Pine mpya iliyokaa kwenye jua la ghala miaka kumi si mpya. Ikunje meno kwa vidole viwili uangalie chini yake kama kuna nyufa nyembamba. Ingiza mkono ndani, upapase ubavu wote: uvimbe wowote, mkunjo wowote, iache. Kuna watu wanaopaka rangi nyeusi juu ya pine za okazyo, zilizokwisha kutumika, na rangi haizuii kupasuka.

Imebaki janti, na hapa naongea na vijana makwado moja kwa moja. Janti za Land Cruiser za zamani zina pete ya chuma inayofunga ukingo wa pine. Pete hiyo ikiwa na kutu, au haikukaa vizuri kwenye mfereji wake, upepo unapoingia inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Toa upepo wote, ondoa na sindano ya valvu, kabla ya kugusa chochote. Sugua kutu hadi chuma kionekane. Pete iliyopinda itupe. Wakati wa kujaza, geuza pete iangalie chini au ukutani, zungushia mnyororo, simama mbali ukitumia mpira mrefu wa upepo, usiiname juu yake, na usiipigepige kwa nyundo ikiwa na upepo. Baadhi ya Land Rover za kijeshi zina janti ya vipande viwili iliyoungwa kwa nati: nati hizo hazifunguliwi kamwe wakati pine ina upepo. Wewe mwenye gari, usimharakishe kijana anayefanya kazi hiyo. Mlipe muda wake.

Pine za diagonali zinapofungwa, tia poda ya talki kati ya pine na mpira wa ndani ili visishikane, na hakikisha mpira ni wa kipimo kile kile. Mpira mkubwa ukikunjwa ndani ya pine ndogo unajikata wenyewe. Kilomita 50 za kwanza zikipita, kaza nati za magurudumu tena. Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu, bila mzigo mkubwa, nyuzi zijinyooshe na kukaa. Pima upepo asubuhi kabla hujatembea, si mchana pine zikiwa na moto. Na ukiona imepanda mchana, usiipunguze: iache, itashuka yenyewe ikipoa.